Mzee Lugembe Hataki Bima

Kijiko kiligonga ukingo wa birika, mara moja, kisha mara ya pili, na majogoo walikuwa bado hawajawika. Mzee Lugembe alikuwa akipima majani ya chai kwa kupapasa, maana siku hizi macho yake yalimsaidia kidogo tu. Alichemsha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, akafuta meza ya barazani, akatoa viti viwili. Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku aliyokuja yule mwanamke wa bima, ambaye mzee alikwishawaambia majirani wote kwamba hataki hata kumsikia.

Apolinaria alifika jua likiwa limepanda kidogo, akaegemeza baiskeli kwenye bani la kukaushia tumbaku. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kile, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Usoke, kazi yake kugawa vyandarua na kuandikisha bima. Kaya zote za daftari lake zilikuwa zimeshajiandikisha bima ya afya ya serikali. Ilibaki moja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Kabula. Umekuja kunisumbua tena?"

"Nimekuja."

"Basi kaa ule kwanza. Sipendi kusumbuliwa na mtu mwenye njaa."

Akamimina chai. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikaenda mezani. Apolinaria alipangusa meza, akamalizia kumimina mwenyewe.

Macho ya mzee ndiyo yaliyomleta, wiki ya saba sasa. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linaanza. Jumatatu madaktari wa macho wangefika hospitali ya wilaya. Mwenye kadi angepasuliwa. Asiye na kadi angejitegemea, na Mzee Lugembe alikuwa na nini? Ekari mbili za tumbaku, kuku, na watoto walioko mbali. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

"Nieleze vizuri," alisema mzee huku akitafuna. "Serikali inatafuta nini kwenye jicho langu? Nikitaka jembe, nachagua mwenyewe gulioni. Ng'ombe nachagua mwenyewe. Matibabu tu ndiyo nipangiwe na mtu wa Dodoma ambaye hata jina langu halijui?"

"Hakuna anayekupangia, baba. Tunachanga wote, anayeugua anatibiwa."

"Kuchanga tunakujua tangu zamani. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Mpagazi akiugua njiani, wenzake waligawana mzigo wake. Serikali ilikuwa wapi?"

Apolinaria alichukua kipande cha mchembe, akakipuliza. "Na nani aliyesema mzigo ugawanywe?"

"Kirangozi. Yule aliyetangulia mbele ya msafara."

"Mpagazi mwingine angesema mimi hainihusu, nina wangu wa kutosha?"

"Thubutu. Nani amkatalie kirangozi?"

"Basi huyo ndiye aliyekuwa serikali yenu."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa. "Hilo umelifikiria wiki nzima, wewe."

"Tangu Alhamisi iliyopita, nikirudi nyumbani."

"Na mimi nina la kwangu. Kirangozi alitembea kwa miguu, akalala porini na wenzake. Hao wenu wanapita na magari, vioo wamepandisha."

"Na mimi je? Mnyororo umenikatikia mara mbili nikija kwako."

Mzee alipapasa meza. Akamsogezea sahani ya karanga.

Apolinaria hakuzigusa. Aliweka daftari mapajani, akalifungua. "Baba, leo ndiyo mwisho. Saa sita mchana majina yanakwenda wilayani. Ukinikatalia leo, Jumatatu itapita, na lile jicho la kushoto litafuata lenzake. Nami sitakuwa na la kufanya."

Mzee aliacha kutafuna. "Na nikikubali?"

"Nitakuandika, nitafurahi, halafu nitahamia vijiji vya upande wa Kaliua."

"Huku hutapita tena?"

"Nipite kufanya nini, baba, na wewe utakuwa umeshaandikwa?"

Mzee alimaliza chai yake. Aligeuza kikombe chake huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali kilipopasuka. Garimoshi la mizigo lilipita mbali likielekea Kigoma, likaisha kusikika.

"Haya," alisema mwishowe. "Toa hiyo fomu yako."

Apolinaria aliitoa haraka kabla mzee hajabadili mawazo. Wiki saba! Aliandika jina, kitongoji, mwaka wa kuzaliwa, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote, akitabasamu peke yake. Kisha akahitaji namba ya kitambulisho.

"Kipo kwenye koti langu la kanisani, nyuma ya mlango," alisema mzee. "Mfuko wa ndani. Kichukue mwenyewe, mimi nitapapasa mpaka jioni."

Alikiona mara moja. Lakini chini yake kulikuwa na kadi nyingine, yenye picha ya Mzee Lugembe akiwa amevaa koti hilohilo. Ilikuwa kadi ya bima ileile ya afya. Muhuri na tarehe vilionyesha kwamba alikuwa amejiandikisha ghalani, pamoja na wakulima wenzake wa chama cha msingi cha tumbaku, ambao daftari lao ni jingine, miezi mitatu kabla Apolinaria hajafika kwake kwa mara ya kwanza. Nyuma ya kadi kulikuwa na karatasi ya hospitali: upasuaji wa jicho, Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Alirudi barazani akiwa ameishika kadi mkononi. Mzee alikuwa ameelekeza uso shambani, kama mtu anayehesabu mawingu.

"Alhamisi ijayo njoo, Mama Kabula," alisema. "Chandarua bado sijakikubali."