Mpaka Umefika Jikoni

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla ya alfajiri. Nililizima jiko, nikavaa miwani ya mchezo, nikaenda kwa binti yangu Mwajabu. Siku hizi marehemu wetu wanaishi humo mchezoni, kila mmoja na ramani yake. Pasipokanyagwa na mtu aliye hai hufutwa, na mpaka husogea karibu. Miguu yangu imechoka, na ndugu zake wameacha kuja. Kilima kilishafutwa, kisima pia.

Mwajabu alinipokea kikapu, akaniwekea mto kwenye kigoda.

"Mama, umenuna kama mama mkwe! Kula."

Nilipoaga, alibeba kikapu. "Nakusindikiza."

"Baki, mwanangu. Jua kali."

"Mgeni aondoke peke yake? Majirani watanionaje?"

Majirani hawapo. Sikumwambia.

Zamani alinifikisha kisimani. Leo mpaka ulikuwa mlangoni pa jikoni. Alipovuka kizingiti tu, ukamgeuza akatazama ndani, na yote ya asubuhi yakamtoka kichwani.

"Mama! Umefika saa ngapi? Kaa, ule."

Nikakaa, nikala tena. Kisha nikazunguka jikoni polepole, nikikanyaga kila pembe, hata nyuma ya mtungi.

Mwajabu akacheka. "Umepoteza nini, Mama?"

"Nanyoosha miguu tu."

"Basi uje tena kesho unyooshe. Tena uje na ndugu zangu wote, Mama. Nafasi ipo tele."