Pori la Hatibu

Watu sita wenye mapanga na mashoka walisimama mwisho wa njia, nje kidogo ya Mkwaja, wakatafuta pori la kufyeka. Hawakuliona.

"Labda tumepotea," alisema Ernesti.

"Hatujapotea," alijibu Tadeo, mnyapara wao. "Tumeuliza watu watatu, na wote wametuelekeza hapa hapa."

Kilichomkera ni kwamba wote watatu walicheka. "Shamba la Hatibu Sadalla?" mwenye duka alikuwa amewauliza, akaziba mdomo kwa kiganja. "Nendeni tu. Mtaona bati."

Tadeo alikuwa ameacha kazi ya mkonge mwaka wa hamsini na tatu, baada ya miaka tisa ya kuamshwa kwa kengele. Alikusanya vijana wa kwao Usambara, wakaanza kufyekea watu mashamba kwa mapatano. Alijulikana kwa jambo moja: hakuwahi kuacha kazi nusu. Ndiyo maana Bi Mwanamkasi wa Mwera alimwita yeye.

Bi Mwanamkasi aliwaeleza habari yake huku akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mumewe Hatibu alikuwa na mwaka wa nne sasa akifyeka pori la nyika kule Mkwaja, peke yake. Huondoka akakaa wiki mbili, akarudi amekonda, kiuno kinamuuma, hana hamu hata ya kuzungumza. Akilala haamki hadi adhuhuri. Na pori lenyewe halina shukrani: ardhi kavu, mvua inapita mbali, migunga na miiba mitupu. Kila akiulizwa, jibu lake ni bado kidogo.

"Lile pori litaniulia mume," alisema. "Sasa ni wiki ya tatu hajarudi. Nendeni mkamsaidie mlimalize. Lakini anzeni kazi kwanza, ndipo mmwambie nani kawatuma. Yule ana haya, hapendi kusaidiwa."

"Lina ukubwa gani, mama?" Tadeo aliuliza.

"Sijaliona. Kila nikitaka kumsindikiza hunikataza. Anasema lina nyoka."

Akawalipa mbuzi jike mnono, wakamchinja siku ile ile ili wapate nguvu za safari. Kwa hiyo walipofika Mkwaja, ujira ulikuwa umekwisha kuliwa, na kazi ilikuwa bado.

Na sasa mbele yao palikuwa na ua uliofagiwa ukafagilika, mipapai mitatu, kuku na vifaranga, na nyumba ya udongo iliyoezekwa bati jipya. Hapakuwa na mgunga hata mmoja. Kivulini, mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa akichambua mchele, na binti wa miaka mitatu hivi akichezea pumba pembeni yake.

"Mnyapara," Noa alisema taratibu, "hili ndilo lile pori?"

Vijana wakaangua kicheko. Tadeo hakucheka. Yeye alikuwa amemwona Hatibu mara mbili tatu kule Mwera, na paji lake la uso, lililotokeza mbele kama kibaraza, halikuwa la kusahaulika. Yule binti alikuwa nalo. Mtoto wa mgongoni alikuwa nalo.

Alimwonea huruma Bi Mwanamkasi, akaona haya kwa niaba ya mtu ambaye si ndugu yake. Kisha akaanza kupanga maneno. Hakutaka kusema uongo, wala hakutaka kuivunja nyumba ya mtu. Ataomba maji, watarudi walikotoka, na akifika Mwera atasema kweli tupu: pori limekwisha, mama, hakikusalia hata kijiti. Atakayetaka kuuliza zaidi na amwulize Hatibu.

"Hodi hapa!"

"Karibuni," alijibu yule mwanamke. "Mwatokea wapi?"

"Njiani tu, mama. Tunaomba maji ya kunywa, tunapita."

Aliwaletea mtungi na kata, akajitaja kuwa anaitwa Mwamvua. Walikunywa kwa zamu, kila mmoja akiangalia miguu yake. Mwamvua yeye aliangalia mapanga.

"Ninyi ni wafyekaji?"

Tadeo alimrudishia kata. "Ndiyo, mama. Lakini hapa naona hapana kazi."

"Hapa hapana."

Aliipokea kata, akaiweka chini polepole. Tadeo alipoinua macho alimkuta analengwa na machozi, akajua siri imefichuka, akawapa vijana ishara wajitwishe vyombo.

"Msiondoke," Mwamvua alisema. "Ni Mungu kawaleta. Mwezi mzima natafuta watu kama ninyi, tena wageni, wasiokwenda kumwambia mume wangu, maana yule hapendi kusaidiwa. Ana pori lake, kavu, miiba mitupu. Analifyeka peke yake mwaka wa nne huu, na akirudi hapa hana nguvu hata ya kumbeba mwanawe. Nina ndama wangu niliyepewa na baba. Mchukueni, mkamsaidie."

"Pori lenyewe liko wapi?" Tadeo aliuliza.

"Mwera. Kaondoka hapa wiki mbili sasa, yuko huko anafyeka."

Wale wanaume sita, waliotoka Mwera juzi, wakatazamana. Noa akamsogelea Tadeo, akamnong'oneza sikioni:

"Mnyapara, kule hayuko, na hapa hayuko. Sasa yuko pori gani?"