Kiganja cha Bwana Harusi

Kadhi aliwataka baba na bwana harusi washikane mikono ili afungishe ndoa. Mzee Mbaruku akaupokea mkono wa Sudi, kijana aliyemposa bintiye kwa kujieleza kuwa ni mwashi. Siku zote Sudi alimwamkia kwa mbali, kichwa kimeinama, na mzee akadhani ni adabu.

Leo kiganja kilikuwa laini kama andazi, hakina sugu hata moja. Mzee, mwashi wa miaka arobaini, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Nyundo unashika kwa mkono gani, mwanangu?"

"Huu huu, baba."

"Sema, mzee: 'Nimekuozesha,'" kadhi alihimiza.

Nyuma ya pazia wanawake walisubiri, vigelegele vimewajaa mdomoni. Mzee hakusema, wala hakuuachia ule mkono, ambao sasa ulianza kulowa jasho.