Sindano ya Tano

Muuguzi aliligonga bomba la sindano kwa ukucha, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Kiputo cha hewa kilipaswa kupanda mara moja. Kilipanda polepole, kama kinachopita ndani ya asali.

"Hii si vitamini," alimwambia mumewe. "Vitamini ni kama maji. Hii ni mafuta."

"Dunga tu, Mama Pacha. Ya wodini yaache wodini." Alikuwa amelala kifudifudi, suruali imeshushwa nusu.

"Ni homoni."

"Ya kiume, ndiyo. Mwalimu wa mazoezi amenijazia. Anasema nitarudia ujana."

"Alikupima damu?"

"Alinipima kwa macho."

Mkewe hakucheka. "Miezi mitatu iliyopita moyo wako ulisimama. Nilikubonyeza kifua hadi nikasikia ubavu ukivunjika. Dawa hii inafanya damu iwe nzito, na mishipa yako imeshaziba nusu. Daktari wa moyo anajua?"

"Daktari wangu si wewe? Unanipimia chumvi, unanihesabia hatua. Humu ndani hakuna mume tena, kuna mgonjwa."

"Mgonjwa mwongo!" Alilibonyeza bomba juu ya beseni la kunawia hadi dawa ikaisha. "Hii ilikuwa ya ngapi?"

"Ya tano. Nne nilijidunga mwenyewe, pajani."

"Na leo ukaniletea mimi. Umeniona mjinga?"

Mumewe aligeuka, akaketi kwa shida. Paji la uso lilikuwa limelowa jasho.

"Mkono wa kushoto una ganzi tangu asubuhi," alisema. "Nimeshindwa kushika sindano."