Swichi Zilizonuna

"Aliyeandika somo hili hajawahi kulijaribu," mwanamume mmoja alinung'unika, akigonga skrini kwa kidole chenye ukucha uliopondeka. "Ona, swichi zangu zote zimeninunia."

Maren, aliyekaa kiti cha pili bila kujitambulisha, alihisi masikio yakimchoma. Somo lilikuwa lake. Kama hakuna atakayelimaliza leo, hapa kwenye maktaba ya mji wa Madison, litaondolewa kwenye kozi ya mitandao ya kompyuta.

Alichungulia. Kidhibiti, ile programu inayoziambia swichi, vifaa vinavyounganisha kompyuta, pa kupeleka ujumbe, hakikuwa kimewashwa. Kwenye kompyuta ya Maren hakikuwa kimezimwa wiki nzima, hata akasahau kuandika kwamba lazima kiwashwe kwanza.

Wanafunzi wengine wote waliokuja kuijaribu kozi walishahamia masomo mengine. Huyu peke yake ndiye aliyebaki kwenye somo lake.

"Niliyeandika ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Niliruka hatua. Washa kidhibiti kwanza."

Jamaa alimtazama, kisha akakiwasha. Majibu ya swichi yakaanza kumiminika kwenye skrini.

"Unaitwa nani, kaka? Nataka kuweka jina lako chini ya langu kwenye somo hili, kwa kulisahihisha."

"La nini? Mimi nimelalamika tu, dada."

"Asante. Endelea kulalamika," Maren alisema, akisogeza kiti. "Bado hatua tatu."