Bahasha Yenye Bismillahi

Mfuko wa kitambaa ulining'inia nyuma ya mlango, umejaa kurasa za juzuu kuukuu. Karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi. Ndivyo Bibi alivyolelewa hapo Kibokoni. Huwekwa mfukoni mpaka ipelekwe msikitini ikafukiwe.

Asubuhi ile aliuteremsha aupunguze. Kati ya kurasa akaona bahasha nyeupe ambayo haijafunguliwa, juu imepigwa chapa Bismillahi kwa Kiarabu. Siku alipoipokea mlangoni alidhani ni barua ya kuomba mchango wa madrasa.

Chini ya Bismillahi palikuwa na jina la hospitali.

Akaichana taratibu kwa ukucha wenye hina. Tarehe ilikuwa ya mwaka juzi. Titi la Hind, bintiye, limeonekana na saratani, aje upesi.

Na kesi yote ya fidia waliyoishtaki hospitali ilisimama juu ya neno moja: kwamba barua haikufika. Hospitali ilisema imeipeleka. Bibi alisema haikuja, na wakili akamwamini.

"Mama!" Hind aliita kutoka juu, sauti ikikwaruza. "Wakili yuko kwenye simu. Ati kesho utashika msahafu mbele ya hakimu, au utatetemeka kama siku ya harusi yangu?"

Akacheka, kikohozi kikamkatiza.

"Mwambie nitashika, mwanangu."

Chetezo cha ubani kilikuwa sakafuni, makaa bado mekundu. Bibi akachukua makasi, akaanza kulikata jina la Mungu pale juu ya bahasha, polepole, lisije likaungua.