Jina la Mtoto wa Shebe

Mimi sisahau jina la mtu katika mji huu, ingawa jana nilimwita mjukuu wangu kwa jina la paka. Lakini jina la mtoto wa Shebe nitaingia nalo kaburini.

Siku ya saba Shebe alitangaza kuwa bintiye ni Melisaruna. Wageni wakabaki vinywa wazi.

"Hilo jina au dawa ya mafua?" akauliza mama yake, Bi Kauthari.

"Nimelibuni mwenyewe, mama. Dunia nzima hakuna mwingine mwenye jina hili."

Mkewe, Mwanaidi, akatabasamu. Alikwishalidarizi kwenye kofia ya mtoto, kwa uzi wa dhahabu.

Kwao, bibi humwita mtoto mara tatu mlangoni. Bi Kauthari akampakata, akasimama kizingitini, akaita, "Melisaruna!"

"Abee!"

Aliyeitika ni Mama Mikate, aliyekuwa anaingia na sinia la mikate ya shughuli. Miaka yote mtaa ulimwita hivyo hivyo, Mama Mikate, na hakuna aliyewahi kumuuliza jina lake.

Sebule nzima ikamgeukia Shebe.

"Baba Meli, umelijuaje jina lake?" Mwanaidi akauliza.

"Wallahi nilikuwa silijui! Hata anakoishi sikujui!"

Mama Mikate akalitua sinia. Akatoa kwapani kofia ya kiume, ile aliyoishona Mwanaidi kabla ya harusi.

"Shebe, uliisahau kwangu juzi."

Mwanaidi akamvua mtoto kofia, akaanza kutafuta ncha ya uzi.